Ati "Fungua Akili": Afungue Nani, Afungue Nini?

Haya jamani, tesiti zimeisha, bumu limechelewa kama kawaida yake, na vimbweta vimejaa watu wasio na hela ya kwenda popote. Mtu asiye na hela huongea mambo makubwa, sijui kwa nini. Wiki mbili hizi mada ni moja tu, asubuhi mpaka usiku: Mungu yupo au hayupo?

Mnajua ilivyoanza. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili alijitoa kwenye kikundi chake cha maombi, akasema mbele ya watu kwamba haamini tena. Hakutukana mtu. Hakuchana kitabu cha mtu. Alisema tu. Tangu siku hiyo kila kimbweta kina mhubiri wake na mkana Mungu wake, na kelele zake unazisikia mpaka maktaba.

Mjadala wenyewe sina ugomvi nao. Chuo kisichobishana juu ya Mungu kitabishana juu ya nini, Simba na Yanga? Ugomvi wangu ni na sentensi moja ambayo pande zote zinaitumia: "Wewe fungua akili, bwana." Mlokole anamwambia mkana Mungu afungue akili. Mkana Mungu anamwambia ustaadhi afungue akili. Ustaadhi naye anawaambia wote wawili. Nimesikiliza kwa makini sana, na hapa chuoni sentensi hiyo ina maana moja: "Kubaliana na mimi." Sijamsikia hata mmoja akisema, "Ngoja kwanza nifungue ya kwangu."

Kwa hiyo leo nitawasema wote. Atakayeudhika tukutane kimbwetani, chai juu yangu bumu likitoka.

Nianze na jambo ambalo wengi wanalichanganya. Kuwa na uhakika si kosa. Mtu anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba Mungu yupo, akawa na akili iliyo wazi kabisa. Mwingine anaweza kusema hayupo, naye pia akawa hivyo. Na mwingine anaweza kujiita "mtu wa maswali" huku kichwa chake kimepigwa kufuli. Kipimo ni swali moja dogo: ni kitu gani kikitokea, au kikionyeshwa, utabadili msimamo wako au angalau utatikisika? Mwenye jibu la swali hilo ana mazungumzo. Asiye na jibu anahutubia tu, sisi ni spika zake.

Swali hili sikulitunga mimi. Mwaka 1950 mwanafalsafa Mwingereza anayeitwa Antony Flew aliandika makala fupi sana juu yake. Ndani yake kuna hadithi ya wasafiri wawili wanaokuta uwazi msituni wenye maua na magugu. Mmoja anasema lazima kuna mtunza bustani. Mwenzake anakataa. Wanakesha, hawaoni mtu. Wanaweka uzio wa umeme, wanaleta mbwa wa kunusa, bado hakuna kitu. Yule wa kwanza hakubali kushindwa: anasema mtunza bustani huyo haonekani, hagusiki, hana harufu wala sauti. Mwenzake akamuuliza, basi huyo mtunza bustani wako ana tofauti gani na mtunza bustani asiyekuwepo?

Walokole wakisikia hadithi hii hununa. Wakana Mungu hupiga makofi. Subirini kwanza, hadithi haijaisha.

Flew alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti, akaacha imani akiwa kijana, na kwa zaidi ya miaka 50 alikuwa mmoja wa wanafalsafa waliojulikana zaidi kwa kumkana Mungu. Halafu mwaka 2004, akiwa na miaka 81, akatangaza kwamba amebadili mawazo. Alisema hoja za kisayansi juu ya chanzo cha uhai na mpangilio wa ulimwengu zimemfanya aone kuna Mungu wa aina fulani. Si Yesu, si Mtume, wala si maisha baada ya kufa. Mungu wa mbali, kama wa Aristotle. Hakuingia kanisa lolote.

Sasa tazameni watu walivyompokea. Waumini wengi wakamgeuza kombe, "Tumewashinda!", utadhani mzee amebatizwa. Na wengi waliokuwa wakimwita shujaa wa akili wakaanza kusema kazeeka, kumbukumbu zimemtoka, ametumiwa na watu. Mwaka 2007 kikatoka kitabu chenye jina lake na la mwenzake, ugomvi ukawa mkubwa zaidi: hivi kweli kakiandika yeye? Inawezekana maswali mengine yalikuwa ya haki. Lakini mtu aliyeuliza maisha yake yote "nini kingekubadilisha?" alipobadilika, wengi kati yao hawakutaka hata kuzikagua hoja zake. Walitaka kujua tu yuko timu gani.

Mnaona inavyofanana na huyu mwenzetu wa mwaka wa pili? Kikundi chake cha zamani kilikesha kikimtaja kwa jina kwenye maombi, kwa sauti, dirisha likiwa wazi. Anayelala naye chumba kimoja akahamishia godoro kwa rafiki. Kuna mtu, hajulikani nani, akapiga simu nyumbani kwao, na kaka yake anayemlipia ada akasema ataangalia kama ataendelea kulipa. Upande wa pili wakana Mungu wetu wakampigia makofi, wakamwingiza kwenye grupu lao la WhatsApp, wakamwita shujaa. Siku mbili. Baada ya hapo hakuna hata mmoja aliyemuuliza ada itatoka wapi. Kwa wale ni pepo, kwa hawa ni kombe. Mtu mwenyewe anakula peke yake.

Haya, tuje upande mmoja mmoja.

Ndugu zangu wenye imani, nyie ndio wengi, kwa hiyo mtavumilia nikianza na nyie. Mnawafundisha wa mwaka wa kwanza kwamba swali ni mlango wa shetani. Kijana akiuliza kwa nini watoto wadogo wanakufa kwa kansa, mnamwambia aombe zaidi na aache kusoma falsafa. Hivi mmevisoma vitabu vyenu wenyewe? Katika Kitabu cha Ayubu, marafiki wa Ayubu ndio waliokuwa na majibu yote mkononi, na Ayubu ndiye aliyelalamika na kuuliza. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia marafiki, si Ayubu. Katika Sura ya Al-Baqara, Nabii Ibrahimu anamwomba Mungu amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Anaulizwa kama haamini, naye anajibu kwamba anaamini ila anataka moyo wake utulie. Hakufukuzwa. Alionyeshwa. Ibrahimu angekuwa kwenye kikundi fulani hapa chuoni, angewekewa mikono kichwani akemewe.

Na wakubwa wenu wa elimu? Thomas Aquinas, aliyeandika Summa Theologiae katika karne ya 13, alipofika kwenye swali la kama Mungu yupo, hakuanza na hoja zake. Alianza na hoja mbili za kusema hayupo: kwamba uovu upo, na kwamba mambo ya dunia yanaweza kuelezwa bila kumtaja Mungu. Ni zilezile mnazozisikia kimbwetani mwaka huu. Akazieleza vizuri, kwa adabu, ndipo akajibu. Imam Ghazali naye, kabla ya kuwashambulia wanafalsafa, aliandika kitabu kizima kueleza tu wanachosema. Na alipoandika habari za maisha yake alisimulia kwamba kuna kipindi alishuka kwenye shaka mpaka akawa haamini hata macho yake, kwa kama miezi miwili hivi. Hawa walikuwa na uhakika kuliko nyie, na hawakuogopa maswali kama nyie. Mimi naona vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja. Mwenye nyumba imara hakimbii akisikia mvua.

Basi, acheni kucheka nyie wa upande wa pili. Zamu yenu.

Wakana Mungu wa chuo chetu, wengi wenu mnadesa. Ndiyo, kudesa kulekule kwa kwenye mtihani. Mmesoma kurasa kumi za Richard Dawkins kwenye simu, mmetazama video tatu, mnatema vilevile mlivyomeza. Na hata hamjammeza vizuri. Katika The God Delusion cha mwaka 2006, Dawkins aliweka ngazi ya namba 1 mpaka 7. Namba 1 ni mwenye uhakika wote kwamba Mungu yupo, 7 ni mwenye uhakika wote kwamba hayupo. Yeye mwenyewe alijiweka 6, akiegemea 7. Hakujipa 7! Sasa nyie wenzangu mnaojipa 9 kwenye ngazi ya 7, mmepata wapi data ambazo yeye hana?

Halafu kuna hii hoja mnayoipenda kuliko zote: "Mungu ni mali ya Mzungu na Mwarabu, mababu zetu hawakuwa na mambo hayo." Na walokole, ajabu, nao wana yao inayofanana nayo, imegeuzwa tu: "Mababu zetu wote walimjua Mungu huyuhuyu, walikosa Injili tu." Pande zote mbili zinawasemea marehemu bila kuwauliza.

Mjadala huu una wakubwa wake hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1969 John Mbiti, Mkenya aliyekuwa akifundisha Makerere, alitoa kitabu juu ya dini na falsafa za Kiafrika, akionyesha kwamba Waafrika wa makabila mengi walikuwa na wazo la Mungu mkuu kabla ya wamisionari. Haukupita muda mrefu Okot p'Bitek wa Uganda akaja juu. Alisema wasomi wa aina hiyo wanaivalisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki na za Kikristo. Na akatoa kisa kimoja ambacho kingebandikwa kwenye kila kimbweta ningefurahi.

Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliyewaumba? Kiluo hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, swali likatoka kama "nani aliyewafinyanga?" Wazee wakashangaa. Mtu huzaliwa na mama yake, hafinyangwi kama chungu. Wakasema hawajui. Mapadri hawakukubali, wakataka jibu. Mzee mmoja akakumbuka kwamba kuna ugonjwa wa uti wa mgongo unaompinda mtu aliyezaliwa mzima, kama kwamba amefinyangwa upya. Pepo anayeleta ugonjwa huo anaitwa Rubanga. Akawaambia: anayefinyanga watu ni Rubanga. Mapadri wakaridhika. Jina la pepo wa kibyongo likawa jina la Mungu Muumba.

Mapadri wale hawakuwa wajinga wala waongo. Walikuwa na jibu kabla ya kuuliza, kwa hiyo "hatujui" ya wazee haikuingia masikioni mwao. Ndivyo tunavyoulizana sisi. Mlokole anamuuliza mkana Mungu, "Ni nini kilikuumiza mpaka ukaacha imani?" Tayari ana jibu. Mkana Mungu anamuuliza ustaadhi, "Unaogopa moto, sivyo?" Tayari ana jibu. Wenzetu wanasema "hatujui" au "sivyo hivyo", sisi tunaendelea kudai Rubanga.

Kuna kundi la tatu, na hili linanikera zaidi kwa sababu linajiona halina kosa. Nyie wa "zote sawa tu, kila mtu na imani yake, tuache malumbano". Mnajiona ndio wenye akili zilizo wazi. Akili yenu haijafunguliwa, haipo mezani kabisa! Mungu yupo au hayupo, haviwezi kuwa kweli vyote viwili kwa kuwa tu tunaishi bweni moja. Najua mmeitoa wapi tabia hiyo. Tumelelewa hivyo. Katiba yetu inasema Jamhuri haina dini, na sensa yetu haijamuuliza mtu dini yake tangu ile ya 1967. Naiunga mkono kabisa, nchi yenye watu wengi wa kila dini inahitaji hekima hiyo. Lakini hiyo ni kanuni ya serikali, na kichwa chako si serikali. Serikali inaweza kukaa kimya juu ya Mungu miaka mia. Wewe utazika mzazi, utaoa au kuolewa, utalea mtoto atakayekuuliza babu kaenda wapi. Utamjibu "zote sawa"? Kumheshimu mtu ni kuichukulia imani yake kama kitu kinachoweza kuwa kweli au uongo, si kama rangi ya shati lake.

Mtaniambia nakuza mambo, haya ni maneno tu ya watu wanaosubiri bumu. Si maneno tu. Kule Kanungu, magharibi mwa Uganda, kulikuwa na kikundi kilichofundishwa kwamba dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku ikapita, jua likachomoza kama kawaida. Hapo ndipo palikuwa mahali pa swali la Flew: hili likishindikana, tutabadili nini? Ikatolewa tarehe nyingine. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu wakateketea ndani ya kanisa lao. Na mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400, wakiwemo watoto wengi, ya watu waliodaiwa kuambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Kabla mtu hajafika kwenye shimo la namna hiyo, kuna siku alifundishwa kwamba kuuliza ni dhambi. Nadhani siku hiyo ilikuwa ya kawaida sana, pengine kwenye kikundi kama hiki chenu.

Na mkana Mungu asitabasamu hapo. Mwaka 1967 Albania chini ya Enver Hoxha ilijitangaza nchi ya kwanza duniani isiyo na Mungu. Misikiti na makanisa yakafungwa yote, kusali kukawa kosa, na marufuku ikaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90. Nao walisema wanafungua watu akili.

Mtaniuliza: na wewe mwandishi, mbona umejificha nyuma ya meza ya refa? Sijajificha. Mimi naamini Mungu yupo. Kwa ngazi ya Dawkins niko 2. Kinachonivuta kuelekea 3, na siku nyingine 4, ni mateso ya watoto. Nimesoma majibu mengi juu ya hilo na hakuna hata moja ambalo ningethubutu kulisema mbele ya mama aliyefiwa wodini. Kinachonirudisha ni kwamba kuna kitu badala ya kutokuwepo kitu, na kwamba ninapoona jambo la haki naliona kama deni, si kama ladha ya ulimi wangu. Mtu akinionyesha kwamba hayo mawili yanaelezeka kikamilifu bila Mungu, nitakuwa na kazi ngumu, na sitasingizia kwamba sikusikia. Hayo ndiyo yangu. Ya kwako yako wapi?

Ninachopendekeza kwenye vimbweta vyetu ni mambo matatu tu. Kabla ya kumjibu mwenzako, ieleze hoja yake mpaka yeye mwenyewe aseme "ndiyo, hiyo ndiyo yangu". Pili, sema waziwazi nini kingekutikisa, na kama hakuna, kubali kwamba umekuja kuhubiri, tutakusikiliza kama tunavyosikiliza mahubiri. Tatu, na hili ndilo kubwa, mtu akibadilika, kuingia au kutoka, asipoteze chumba, chakula wala ada kwa ajili yake. Kama gharama ya kusema kweli ni kukosa pa kulala, basi hapa hatuna waumini wala wakana Mungu. Tuna watu wanaoogopa tu, na hatutajua kamwe nani anaamini nini.

Yule mwenzetu bado anakaa kimbweta cha mwisho, kile cha karibu na mwembe, kuanzia saa kumi. Walokole mnaweza kwenda kukaa naye bila kumwekea mikono. Wakana Mungu mnaweza kwenda bila kumpiga picha. Na kuna mchango wa ada unazunguka kwa mwakilishi wa darasa lake, majina hayaandikwi na dini haiulizwi. Buku mbili tu inatosha, hata kabla bumu halijatoka.